Redio ya Mwalimu na Rimoti Yangu

"Alimpata?"

Mama aliniuliza hivyo asubuhi moja tukinywa chai, hapa kwangu Musoma, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, kama anavyofanya tangu macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Nikamwuliza nani kampata nani.

"Yule mama muuza mikate," akasema. "Wa jana. Si alikuwa anamtafuta binti yake? Alimpata?"

Rafiki yangu, ilibidi nimeze kwanza kipande cha kiazi kilichokuwa mdomoni. Tamthilia yenyewe niliikumbuka, imetoka nchi gani sijui, watu wa mbali huko waliowekewa sauti za Kiswahili cha Dar es Salaam. Tuliitazama dakika kumi, labda kumi na tano. Halafu nikabonyeza rimoti nikaenda kwenye mpira. Mpira ukanichosha, nikaenda kwenye mapishi, nikaenda kwenye mahubiri, nikaenda kwa simba wanaokula nyumbu, mwisho nikaishia kwenye simu nikitazama watu nisiowajua wakicheza muziki jikoni kwao. Kama yule mama alimpata binti yake au hakumpata, sikujua. Na kibaya zaidi, sikuwa nimejali. Mama yangu, ambaye picha haioni, anaisikia sauti tu, alikuwa amelala na swali lile mpaka asubuhi.

"Sijui, mama," nikasema. "Nilibadilisha chaneli."

"Unabadilishaga sana," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Ngoja nikueleze hali ya nyumba yangu, usije ukanidhania mwehu. Mume wangu alishatangulia, watoto wako vyuoni, na mimi nina kiduka changu cha steshenari karibu na soko, natoa fotokopi mchana kutwa. Nikirudi jioni nyumba iko kimya, na kimya mimi sikiwezi. Basi nikanunua king'amuzi. Kikaja na chaneli zaidi ya mia. Mwanangu wa kwanza aliporudi likizo akaiunganisha televisheni na mtandao, sasa hata zile mia zikaonekana chache. Simu nayo ina video fupi fupi, moja ikiisha inajileta nyingine bila kuitwa. Kuna magrupu ya ukoo, ya kanisa, ya tuliosoma darasa moja, na kila mtu anatuma kichekesho chake. Ungedhani mwenye vyote hivyo anastarehe. Thubutu! Nakaa na rimoti mkono huu, simu mkono ule, ugali unapoa mezani, na bado sijachagua. Nikianza filamu, dakika ya tano nafsi inaniambia kule kuna nzuri zaidi. Nikienda kule, nafsi inataka kurudi huku. Mguu unatikisika wenyewe chini ya meza. Mshika mawili moja humponyoka, walisema wahenga, lakini wao hawakuwahi kushika mia.

Katika nyumba hiyo ndimo nilimomleta mama. Ugonjwa wa mtoto wa jicho umemshika macho yote mawili, na daktari alitaka asikae mbali na hospitali mpaka apangiwe siku ya kufanyiwa upasuaji. Anaishi Guta, kule Bunda, kwa kaka yangu, na nilimng'ang'ania kaka mpaka akaniachia. Nilisema ni kwa sababu ya kliniki. Ukweli wenyewe nakuambia wewe: nilitaka mtu wa kukaa naye. Nilitaka aje na asirudi tena, nikirudi dukani nimkute, tuzeeke wote humo ndani.

Nikadhani nimempa raha. Nilimwekea kiti kizuri mbele ya televisheni, na mto wa mgongoni. Lakini hebu fikiri. Mtu haoni, anasikiliza. Anasikia mama mmoja analia kwa ajili ya bintiye, mara watu wanashangilia goli, mara vitunguu vinakaangwa, mara mhubiri anakemea pepo, mara simba ananguruma. Wiki tatu nzima nilikuwa namfanyia hivyo kila jioni, na wala hakulalamika hata siku moja mpaka alipouliza lile swali.

Swali lenyewe likanirudisha mbali, kwa sababu zamani mimi nilikuwa mtu mwingine kabisa. Usicheke. Mimi huyu, nisiyeweza kumaliza filamu moja, ndiye niliyekuwaga redio ya akina mama wa kwetu.

Tulikaa Guta upande ule wa korongo ambako mashamba ya pamba yalifika mpaka nyuma ya vyoo. Pamba ikishavunwa haipelekwi hivihivi. Lazima ichambuliwe, nyeupe safi iwekwe huku, na ile yenye madoa, iliyoliwa na wadudu au iliyoguswa na mvua, iwekwe kule. Hiyo ya pili tuliiita fifi. Kazi yenyewe si nzito, ila haiishi. Unakaa kwenye mkeka umenyoosha miguu, mbele yako rundo refu kukuzidi wewe, vidole vinachomwa na maganda makavu, nyuzi zinakuingia puani unapiga chafya kama mbuzi. Akina mama walifanya kwa zamu, leo kwetu, kesho kwa jirani, keshokutwa kwa mwingine, ili rundo la mtu lisimshinde peke yake. Mwenye zamu anachemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa vikakaushwa juani, anaileta na karanga, au uji wa mtama uliochachuka vizuri. Mpaka leo nikisikia harufu ya michembe inachemka, pua yangu inawasha kama imeingia pamba.

Redio ilikuwa moja tu kijijini, ya Mwalimu wa shule yetu, aliyekaa ng'ambo ya korongo. Mwalimu alikuwa mtu wa Butiama, mwembamba, mkali, suruali yake ina mstari wa pasi hata siku ya kulima. Redio yake ilikaa juu ya stuli, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na alipoifunua ungedhani anamfunua bibi harusi. Jumapili alasiri kulikuwa na mchezo wa kuigiza. Mwalimu aliruhusu watoto sita wakae barazani kwake, mikono magotini, na anayekohoa anatoka. Watu wazima hawakwenda. Akina mama waliona aibu kukaa kwa Mwalimu kama wanafunzi, na isitoshe saa ile ndiyo ilikuwa ya kuchota maji na kutafuta kuni. Lakini mchezo waliutaka. Basi wakatafuta mtu wa kuwaletea.

Kwanza walimtuma binti wa nyumba ya tatu. Akarudi akasema, "Yule baba alikuja, akagombana, akaondoka." Wakamwuliza, amegombana na nani? Akasema, na yule mwingine. Akastaafishwa siku hiyohiyo.

Nikachaguliwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi, na kichwa changu kilikuwa kinanasa kama ulimbo. Hata hivyo sikukiamini, nikajitungia njia. Nilichana pindo la kanga kuukuu ya mama, na kwa kila jambo kubwa la mchezo nikawa nafunga fundo: fundo kubwa la ugomvi, dogo la machozi, mawili pamoja ya jambo la mapenzi, maana hayo niliona haya hata kuyafikiria. Nilikuwa nasikiliza kwa mwili mzima. Siku moja nzi alitua mdomoni mwangu na sikumfukuza, nikihofia nikipunga mkono nitapitwa na neno. Mwalimu aliniona, akaguna, na kuanzia wiki ile nikawa nakaa mbele.

Tatizo lilikuwa njiani. Kwetu mtoto humsalimia kila mkubwa anayekutana naye, na salamu zetu hazikuwaga fupi. Utaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za bibi, za mguu wa bibi. Nikisalimia watu watano, hadithi yote inamwagika. Nikaanza kupita kimya, nimebana midomo. Mzee mmoja akaja kwa mama kushitaki kwamba binti yako ameota mapembe.

Mama akamwambia, "Msamehe, baba. Jumapili anakuwaga amebeba hadithi. Ikimwagika, wiki nzima tutakula nini?"

Habari ikaenea. Tangu hapo watu wakiniona natoka kwa Mwalimu walinipisha njia kama mtu aliyebeba mtungi kichwani, na mimi nikapita kwa maringo ambayo mtoto wa miaka kumi hastahili kuwa nayo.

Jumatatu baada ya shule nilienda kwenye uwanja wa mwenye zamu, nakaa katikati ya marundo, natoa kipande changu cha kanga, nafungua fundo la kwanza. Vidole vya akina mama vinaendelea, safi huku, fifi kule, lakini vinywa vimenyamaza. Nikifika penye utamu mmoja anapiga kelele, "Ngoja! Ngoja nisogeze gunia!" na wote tunamngoja. Walikuwa wakimlaani baba mkwe wa kwenye mchezo utadhani amewaibia kuku. Fundo la mwisho likifunguka, basi, mpaka wiki ijayo. Na wiki ile yote, kisimani, kwenye mawe ya kanisa, njiani kwenda kusaga, ni kubishana tu: atarudi, hatarudi. Wiki nzima tulikuwa tunaila hadithi ya nusu saa, na haikuisha.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi, mchezo ulikuwa wa kijana aliyeondoka kwao kutafuta maisha, mama yake akabaki anamngoja. Ulianza pamba ikiwa maua, ukaenda mpaka tunachambua. Na hapo sina budi kukutajia mama jirani, ambaye boma lake lilipakana na letu. Mwanae alikuwa amevuka kwenda visiwani, kwenye kambi za dagaa, na misimu mitatu ya pamba ilikuwa imepita bila barua wala salamu. Yeye mchezo hakuuchukua kama mchezo. Kwake zile zilikuwa habari. Redio ileile ya Mwalimu ndiyo iliyokuwa inatangaza vifo, na ikisema fulani wa kijiji fulani amefariki, ni kweli amefariki, watu wanafunga mizigo wanakwenda msibani. Kwa nini basi iseme uongo siku ya Jumapili? Hakulitamka hilo wazi, lakini kila nilipofungua fundo alikuwa ananitazama mimi mdomoni, si mkononi kama wenzake.

Ikafika Jumapili ya mwisho ya mchezo. Nikavuka korongo, nikafika kwa Mwalimu, nikakuta mlango una kufuli. Alikuwa amepata habari ya msiba kwao Butiama, ameondoka alfajiri yeye na mke wake, na redio ameichukua. Wale wenzangu watano walicheka wakaenda kucheza. Mimi nilikaa barazani peke yangu mpaka saa ya mchezo ikapita, kuku wa Mwalimu wananizunguka. Nilijua kwamba muda uleule, mahali fulani hewani, yule kijana anarudi au harudi, na mimi ninayetakiwa kujua sijui. Niliumia, rafiki yangu. Sijawahi kuikosa filamu yoyote kwa uchungu ule.

Ningesema ukweli. Ningesema tu kwamba Mwalimu kasafiri. Lakini Jumatatu nilipotokea, akina mama tisa waliacha kuchambua kwa mara moja, na mama jirani alikuwa amekaa mbele kabisa, rundo lake hajaligusa. We acha tu. Nikageuka kama ninayeenda haja, nyuma ya kibanda cha kuku nikafunga mafundo yangu haraka haraka, matupu, hayana kitu ndani. Nikarudi, nikaanza kuyafungua.

Nikasema alirudi. Nikasema alirudi mchana, mama yake anapuliza moto, moshi umemjaa machoni, hamwoni aliyesimama mlangoni. Kijana akataka kusema "mama", sauti ikakwama, akakohoa. Na mama yake bila kugeuka akasema, "Kikohozi hicho nakijua, nimekilea mwenyewe." Hapo akina mama wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakageuza vichwa. Mama jirani hakupiga kigelegele. Aliinuka taratibu, akajikung'uta nyuzi za pamba, akaenda kwake. Kesho yake tukamwona anabeba udongo na samadi ya ng'ombe. Alikuwa anasiriba upya chumba cha mwanae.

Wiki iliyofuata Mwalimu alirudi. Baada ya ibada akamsalimia mama, akamwambia kwa furaha kwamba mwisho wa mchezo hakuukosa, aliusikiliza hukohuko msibani, amejificha nyuma ya nyumba redio ikiwa sikioni. Kumbe yule kijana hakurudi. Alifika mpaka kwenye kivuko, akaona moshi wa nyumba ya mama yake ng'ambo, akaona haya kwenda mikono mitupu, akageuza njia. Mama alitikisa kichwa, akamshukuru. Mimi niliyekuwa nimeshika pindo la nguo yake nikajificha nyuma ya mgongo wake.

Nilingojea fimbo. Haikuja. Tulipofika nyumbani mama aliniambia maneno machache tu: "Nenda kwa jirani ukamwambie mwisho wenyewe. Uliupeleka wewe, uufuate wewe."

Nilimkuta mama jirani ndani ya chumba kile, udongo umempanda mpaka viwikoni, ukuta mmoja umekauka na mwingine bado mbichi. Nikamweleza nikilia, nikamweleza kila kitu, kufuli, kuku, mafundo matupu, kivuko, moshi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku kiganja kinalainisha ukuta. Halafu akasema, "Redio ya Mwalimu imezeeka. Betri zake zimekwisha. Wewe ndiye uliyesikia vizuri." Akanipa michembe mkononi, akachota udongo mwingine.

Mwanae hakurudi msimu ule, wala uliofuata. Chumba alikisiriba kila mwaka.

Sasa niambie, mtoto yule aliyejua neno moja linavyoweza kumwinua mtu kwenye mkeka, alikwenda wapi? Nilijiuliza hivyo siku nzima dukani, nikaharibu fotokopi za watu. Jioni nikamwahidi mama kwamba leo leo namtafuta yule muuza mikate mpaka nimpate. Nikashika rimoti kwa nia njema kabisa. Sikukumbuka jina la tamthilia. Sikukumbuka hata chaneli. Nikapita moja moja. Mama kila akisikia mwanamke analia anauliza, "Ndiye huyu?" Nasema bado. Nikaingia mtandaoni, nikaandika mama, mikate, binti. Zikaja tamthilia kumi na moja, zote zina mama, zote zina binti. Nikafungua moja, ikawa ni ya wauza samaki. Pembeni yake ikatokea nyingine yenye picha nzuri, nikasema ngoja nichungulie kidogo. Nilipokuja kuinua kichwa, nilikuwa natazama mashindano ya kula pilipili, na mama alikuwa ameshika fimbo yake anapapasa ukuta kwenda kulala.

Ikawa hivyo wiki nzima. Kila jioni naahidi, kila jioni napotea. Jumamosi akasema, "Kaka yako aje anichukue."

Nikaiweka rimoti chini. "Nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea. Chakula kizuri, kitanda kizuri. Ila hapa kwako nasikiaga mianzo tu. Kila siku mianzo. Mimi nimezeeka, mwanangu. Mianzo nitaifanyia nini?"

"Na kliniki?"

"Siku ya kliniki atanileta. Bunda si mbali."

Nikamwambia nitazima yote. Nitakirudisha king'amuzi, televisheni nitaifunika shuka, simu nitaiacha dukani. Nilimbembeleza kama mtoto, mtu mzima mimi, nimempigia magoti kwenye zulia. Mama alicheka, akanipapasa kichwa.

"Rimoti haina kosa," akasema. "Unahangaika wewe. Hata vyombo ukioshaga nakusikia unahangaika."

Kaka alikuja Jumanne. Nilizifunga mwenyewe nguo za mama, nikaweka na sato wawili wa kukaanga wa njiani. Walipoondoka nilirudi ndani, na unajua nilifanya nini? Niliwasha televisheni kabla sijavua viatu.

Nimejaribu, usinione sijajaribu. Jioni moja niliizima kweli. Nikakaa. Mkono ukaenda kwenye simu. Simu nikaifungia kabatini, nikajikuta nimesimama dirishani nahesabu bodaboda. Ziwa liko pale chini, ninaliona likiwaka jua la jioni, watu hutoka mbali kuja kulitazama, na mimi dakika mbili tu nimelichoka. Nikajiuliza kama ni ugonjwa. Nikatamani kumwuliza mtu, nikafungua kabati nikaiuliza simu. Ikaniletea majibu mengi kiasi kwamba sikumaliza hata moja.

Watu husema zamani tulitulia kwa sababu vitu vilikuwa vichache. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia hivyo wateja dukani. Siku hizi siamini tena. Wale wenzangu watano barazani kwa Mwalimu walikuwa na redio moja ileile, na nusu yao walikuwa wanasinzia. Mimi nilitulia kwa sababu kuna wanawake tisa walikuwa wananingoja ng'ambo ya korongo. Sikio langu lilikuwa la kwao. Leo natazama kwa ajili yangu peke yangu, na mimi peke yangu, nakiri, sitoshi kunifanya nikae. Wale tisa wameisha, wengi wao wako makaburini Guta, mama jirani pia. Pamba siku hizi inachambuliwa kila mtu na kwake, spika za simu masikioni, na mtoto akipita bila kusalimia hakuna anayejiuliza amebeba nini. Alikuwa amebaki mmoja wa kuningoja, tena yumo humuhumu ndani, ananiuliza alimpata au hakumpata. Huyo nimemwacha aende.

Jumapili iliyopita, mchana, mama akanipigia. Sauti ilikuwa imechangamka hata nikadhani amepangiwa siku yake ya macho.

"Muuza mikate nimeujua mwisho wake!"

Kumbe wifi yangu kule Guta anayo televisheni ndogo, inashika chaneli mbili, ya pili ina chenga tupu. Hana pa kwenda. Kila siku anaitazama tamthilia ileile huku anapepeta mchele, na yale yasiyosikika, nani kaingia, nani kafuta machozi, anamwambia mama. Wameimaliza wote wawili.

Moyo wangu uliruka, nakuapia. "Nisimulie, mama. Alimpata?"

"Usiniharakishe. Umekaa?"

"Nimekaa."

Na kweli nilikuwa nimekaa. Televisheni nilikuwa nimeitoa sauti kabisa kwa heshima yake, imebaki picha. Mama akaanza tangu mwanzo, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi asizoziona. Akasimulia duka lilivyokuwa, unga ulivyotapakaa mezani, na asubuhi ambayo mikate iliungua kwa sababu kuna msichana alisimama mlangoni na muuza mikate akasahau jiko. "Mmh," nikaitikia. Akasimulia yule msichana alivyoomba kazi, na kovu alilokuwa nalo shingoni. "Ehe." Kwenye televisheni likaja tangazo la sabuni, nikabonyeza kuliondoa tu, si kwa ubaya. Likaja tangazo jingine. Nikabonyeza. Kulikuwa na mtu anajenga nyumba msituni kwa mikono yake. "Mmh, mama." Kulikuwa na harusi, bibi harusi anaanguka kwenye ngazi. Kulikuwa na mpira, kona inapigwa. "Ehe." Kulikuwa na mtoto anaimba mbele ya majaji, mmoja wao analia. "Mmh." Nikabonyeza. "Ehe, mama. Mmh."

"Mwanangu."

"Naam, mama. Endelea, nakusikia."

"Nilishanyamaza zamani," akasema. "Nilikuwa nasikiliza tu unavyoitikia."